Umeme wa chini ya ardhi hadi kwenye kinu kipya: je, fimbo ya athi pale bandani inatosha?

Swali

Shikamoo mhandisi. Nina kinu cha kukoboa mpunga hapa Kahama. Tuna transfoma ya kVA 200 kando ya ghala la zamani, na bodi kuu imo ndani ya ghala hilo. Sasa nimejenga banda jipya upande wa pili wa kiwanja, mita 160 kutoka kwenye bodi. Mashine zimeshafika: ya kukoboa ina mota ya kW 37, ya kung'arisha kW 22, elevata na chekecheke kwa pamoja kW 11, greda kW 5.5, kompresa kW 7.5, na taa pamoja na soketi chache. Nataka umeme upite chini ya ardhi kwa sababu malori yanaingia hapa mchana kutwa. Fundi wa kwanza anataka kebo ya mm² 35 yenye nyaya nne, fezi tatu na nyutro. Waya wa athi anasema ni kupoteza pesa, atapigilia fimbo ya athi pale bandani na inatosha. Fundi wa pili anataka kebo ya mm² 95, na juu yake waya wa athi wa shaba wa mm² 50 kwa mita zote 160. Bei yake imepita ya mwenzake mbali sana. Yupi nimsikilize?

Jibu

Marahaba. Msikilize wa pili, na naomba usome sababu zote kabla hujatoa pesa, kwa sababu hata kazi yake inaweza kuharibika ikifungwa vibaya. Naanza na suala la athi kwanza, yaani njia ya usalama inayoupokea umeme unaovuja kwenye mwili wa mashine; ukubwa wa kebo utafuata. Kebo nyembamba itakuunguzia mota na kukupandishia bili. Athi iliyokosewa inaua mtu.

Chukua mota ya kukoboa. Insulesheni ya koili, yaani ganda linalozuia umeme usitoke kwenye waya zake, imechakaa, fezi moja imegusa mwili wa mota. Mwili wa mota umefungwa kwenye fremu, fremu imeunganishwa na fimbo ya athi ya fundi wako wa kwanza. Umeme huo unataka kurudi ulikotoka, yaani kwenye transfoma. Njia pekee aliyouachia ni kushuka kwenye fimbo, kupita kwenye udongo mita 160, kisha kupanda kwenye fimbo za athi za transfoma. Tuseme fimbo ya bandani ina ukinzani (kiasi ambacho njia inauzuia umeme) wa omu 20, kipimo ambacho mafundi wengi wangekifurahia, na athi ya transfoma ina omu 5. Jumla ni omu 25. Gawanya volti 230 kwa 25, unapata ampea 9.2.

Mota ile ikifanya kazi kawaida inakula karibu ampea 67. Breka ya kulinda kebo nzima itakuwa ya ampea 180 au 200. Ampea 9 za ziada breka haizioni kabisa. Haitakata leo, wala kesho, wala mwezi ujao. Wakati huohuo, zile volti 230 zimegawanyika kulingana na omu: fimbo ya bandani ina omu 20 kati ya 25, kwa hiyo mwili wa mota, fremu, elevata na kila chuma kilichogusana navyo vinakaa na volti 184 dhidi ya ardhi ya mbali. Mtu akigusa fremu huku miguu yake iko kwenye sakafu yenye unyevu, anazibeba volti hizo mwilini. Kikomo ambacho kanuni za umeme hutumia kwa hali ya kawaida ni volti 50.

Na kuna hasara nyingine ya polepole. Ampea 9.2 kwa volti 230 ni takriban kW 2.1 zinazopasha udongo joto. Mashine ikiachwa na umeme usiku na mchana, hizo ni uniti 50 kwa siku, na mita inazihesabu zote.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Niliwahi kuitwa kwenye kinu kimoja kwa sababu ya "bili kubwa". Wakati nafungua begi la vifaa, kijana aliyekuwa akizoa pumba aliniambia, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba mashine "inachapa" asubuhi sakafu ikiwa imeoshwa, na kwamba waliambiwa wavae ndala. Niliweka ncha moja ya mita kwenye hopa na nyingine kwenye sakafu yenye maji. Mita ilisoma zaidi ya volti 100. Mashine ilikuwa inakoboa vizuri, mchele unatoka mweupe, wateja wamepanga foleni. Fimbo ya athi ilikuwepo, imefungwa kwa waya safi wa kijani na njano, na yeyote aliyeiangalia angesema kazi ni nzuri. Hakukuwa na waya wowote wa athi uliorudi kwenye bodi kuu. Tulizima kinu saa ileile. Kila siku nazifikiria wiki zile ambazo ndala za plastiki ndizo zilikuwa ulinzi pekee wa watoto wa watu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa waya wa fundi wa pili. Fezi ya mm² 95 ya shaba ina takriban omu 0.193 kwa kilomita, na waya wa athi wa mm² 50 una omu 0.387. Kwa mita 160, kwenda na kurudi, ni omu 0.093. Waya zikiwa na joto la kazi tuseme 0.12. Transfoma ya kVA 200, ikiwa impidensi yake, yaani ukinzani wake wa ndani, ni asilimia 4 kama zilivyo nyingi za ukubwa huo (namba imeandikwa kwenye kibao chake), inaongeza omu 0.032. Weka na kipande kifupi cha kutoka transfoma hadi bodi kuu, unafika karibu omu 0.16. Volti 230 ukigawanya kwa 0.16 ni zaidi ya ampea 1,400. Hapo breka inaamka.

Inaamka, lakini kwa sharti moja ambalo limesahaulika kwenye bodi nyingi nilizofungua. Breka kubwa za aina hii zina vitufe viwili vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi. Kimoja ni cha mzigo wa kawaida. Kwako kiwekwe 0.9 ili breka ya ampea 200 iwe ya 180. Kingine ni cha shoti, na mara nyingi breka hufika kutoka dukani kikiwa mwisho kabisa, mara 10. Mara 10 ya 200 ni ampea 2,000. Shoti yetu ni 1,400. Maana yake breka haitaruka papo hapo, itangoja ipate joto kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zote mwili wa mashine una zaidi ya volti 100. Zungusha kitufe hicho hadi mara 5, yaani ampea 1,000. Kuwasha mota yako kubwa moja kwa moja kunaweza kuvuta kama ampea 400 kwa muda mfupi, ukijumlisha na mashine nyingine zinazoendelea unafika 500, kwa hiyo breka haitakusumbua. Ni kazi ya nusu mzunguko wa bisibisi, hailipiwi, na ndiyo inayotofautisha waya wa athi unaofanya kazi na waya wa athi wa mapambo. Mwambie fundi aifanye ukiwa umesimama hapo.

Kwa nini mm² 50? Kanuni tunazofuata wengi huku, za IEC (za kimataifa) na BS 7671 (za Uingereza), zinasema fezi ikizidi mm² 35 waya wa athi wa metali ileile uwe angalau nusu yake. Nusu ya 95 ni 47.5, saizi inayofuata sokoni ni 50.

Utaambiwa pia kwamba kebo ya deraya, ile iliyozungushiwa nyaya za chuma chini ya ganda la nje, ina athi yake tayari, hizo nyaya za chuma. Ni kweli kwamba deraya hubeba umeme wa hitilafu, na lazima iunganishwe na athi ncha zote mbili. Lakini chuma kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba, takriban mara nane, na kila kitu kinategemea glandi, yaani kile kikonyo cha shaba kinachobana deraya pale kebo inapoingia kwenye bodi. Nimefungua glandi baada ya masika matatu nikakuta kutu ya unga mwekundu mahali pa nyaya. Kwenye udongo wenu unaokaa na maji miezi kadhaa, mimi nisingeiachia deraya kazi hiyo peke yake. Waya wa shaba ulazwe mtaro uleule, ukigusana na kebo, usipitishwe njia yake ya pembeni. Ukiwa mbali na fezi impidensi inaongezeka na shoti inapungua nguvu. Glandi ifungwe pamoja na pete yake ya athi na boliti, na rangi ya bodi ikwanguliwe pale pete inapokaa. Rangi haipitishi umeme.

Jambo jingine kuhusu nyutro. Kuna mafundi ambao, wakiona fimbo ya athi ya bandani ina omu nyingi, wanachukua kipande cha waya wanaunga baa ya nyutro na baa ya athi ndani ya bodi ya banda. Mita inaonyesha vizuri papo hapo na kila mtu anafurahi. Usikubali. Nyutro na athi zinakutana mahali pamoja tu, kule mwanzo, kwenye transfoma au bodi kuu. Ukiziunganisha tena bandani, sehemu ya umeme wa nyutro wa kila siku itarudi kupitia waya wa athi, deraya na vyuma vya jengo. Na siku nyutro ya kebo ikikatika, vyuma vyote vya kinu chako vitakuwa ndivyo nyutro, vikiwa na umeme, na hakuna breka itakayolalamika. Baa mbili, zimetengana, kila moja na waya zake.

Je, fimbo ya bandani basi haina kazi? Inayo, na uipige. Inaisaidia ardhi ya banda ikae karibu na volti za vyuma vilivyomo, na inapokea radi, ambayo Kanda ya Ziwa mnaijua kuliko sisi wengine. Weka pia kinga ya mawimbi ya radi kwenye bodi ya banda, hasa kama mna mpango wa kuleta mashine ya kuchagua mchele kwa rangi, maana vifaa vyake vya kielektroniki havivumilii. Fimbo, deraya, waya wa mm² 50, nguzo za chuma za banda, fremu za mashine na bomba la maji la chuma kama lipo, vyote vikutane kwenye baa moja ya shaba ukutani. Fimbo inaongezea waya, haichukui nafasi yake.

Udongo wenu mweusi wa mbuga una tabia mbili. Ukilowa unapitisha umeme vizuri sana. Kiangazi unapasuka, unajitenga na fimbo, na unaweza kuona kwa macho ufa umezunguka chuma. Fimbo iliyopimwa Machi si fimbo ileile Septemba. Ndiyo sababu urefu unalipa. Kwa udongo wenye rezistiviti (ukinzani wa udongo wenyewe) ya omu-mita 100, fimbo ya mita 1.2 inatoa karibu omu 72, ya mita 2.4 karibu 40. Kisha kuna unyevu: mita ya juu ndiyo inayokauka, ya chini inabaki na maji. Nunua fimbo zinazoungana kwa kapla, yaani kiungio cha katikati, zishuke mpaka zikatae. Ukitaka kuongeza nyingine kando, ziachane angalau urefu wa fimbo moja, na vizuri zaidi urefu wa mbili. Tatu zilizopigwa kwenye shimo moja ni kama moja.

Dukani kwangua fimbo kwa kisu. Fimbo nzuri ina tabaka la shaba la milimita 0.25, kisu hakifiki kwenye chuma kwa mkwaruzo mmoja. Zile za bei ya kutupa zimepakwa shaba kama rangi, na baada ya mvua mbili chuma kiko wazi. Wala usimruhusu mtu amwage chumvi. Ukifukia chumvi na mkaa kuzunguka fimbo, omu zinashuka siku ya kupima, kisha maji yanaiosha chumvi na iliyobaki inakula fimbo. Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, ndiyo inayofaa, inavuta maji na kuyashika, na haili chuma.

Nimtendee haki fundi wa kwanza. Kuna mfumo halali ambao fimbo ya bandani ndiyo athi yote, lakini unadai breka inayohisi umeme unaovuja. Breka ya aina hiyo ya miliampea 300 ikikaa mbele ya fimbo ya omu 20 itakata volti zikiwa 6 tu kwenye mwili wa mashine, kwa hiyo kimahesabu inalinda vizuri. Kama angekuwa ameiweka kwenye makadirio yake, mjadala ungekuwa mwingine. Hakuiweka. Na hata ingekuwemo, kinu ni mahali pa vumbi na unyevu. Breka hizi huruka bila shoti ya kweli, na nimekuta zaidi ya moja ikiwa imeunganishwa kwa kipande cha waya ili isikate kwa sababu "inasumbua uzalishaji". Kwako fanya vyote: waya wa athi wa shaba kwa ulinzi wa msingi, breka ya miliampea 300 yenye kuchelewa kidogo kwa ajili ya moto kwenye bodi ya banda, na ya miliampea 30 kwa soketi, kwa sababu soketi ndizo zinazoshikwa na mikono yenye jasho na grainda yenye waya uliokwanguka.

Sasa kebo. Mzigo wako, kwa volti 400 na mota za kawaida, unakaa hivi: ampea 67 za kukoboa, 41 za kung'arisha, 22 za elevata na chekecheke, 11 za greda, 15 za kompresa, 5 za taa. Jumla 161. Kwenye karakana ningepunguza kwa sababu mashine hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Kinu si hivyo. Mpunga ukiingia juu, kila mota kwenye mstari inazunguka mpaka mchele utoke.

Kebo ya shaba ya mm² 35 yenye insulesheni ya XLPE, plastiki inayovumilia joto, ikifukiwa ina uwezo wa ampea 122 kwenye toleo la zamani la jedwali la IEC, ardhi ikiwa nyuzi 20. Ardhi yenu ichukulie nyuzi 30, zidisha kwa 0.93, unabaki na 113. Kwa mzigo wa 161 kebo hiyo itapikwa. Volti zinazopotea njiani ni karibu 30 kati ya 400, zaidi ya asilimia 7, na hiyo ni kabla gridi yenyewe haijashuka jioni. Mota inayopata volti pungufu inavuta ampea zaidi ili kubeba mzigo uleule, inapata joto, koili inaungua, na fundi wa kusuka mota ananufaika.

Ya mm² 70 ina ampea 178 kwenye jedwali, 165 kwa joto lenu. Inapita chupuchupu. Nisingeichagua, na sababu kubwa ni bili. Mashine zote zikizunguka, kebo ya 70 inapoteza takriban kW 4 kama joto mtaroni. Ya 95 inapoteza 2.9. Tofauti ya kW 1.1 kwa saa 10 ni uniti 11 kila siku ya kazi. Piga hesabu kwa msimu mmoja wa mpunga, kisha linganisha na tofauti ya bei ya kebo.

Ya mm² 95 ina 211, kwenu 196, juu ya breka yako ya 180. Volti zinazopotea ni 11.6, asilimia 2.9. Mota ya kW 37 iwekewe starta ya sta-delta, inayoianzisha kwa nguvu pungufu: ukiiwasha moja kwa moja wakati nyingine zinazunguka, volti za bandani zinaweza kushuka sana, taa zinafifia na kontakta, zile swichi za mota, zinapiga kelele. Kwa sta-delta mshuko unakuwa nusu hivi. Alumini pia inawezekana, kwa saizi kubwa zaidi, na wezi hawaipendi kama shaba. Lakini inataka lagi (vichwa vinavyobanwa kwenye ncha za waya) za metali mbili na mafuta yake maalumu kwenye maungio, na fundi asiyeizoea ataacha ungio ambalo litaungua ndani ya mwaka. Kama mkononi una fundi wa shaba, baki na shaba.

Kuhusu mtaro. Nunua kebo kipande kimoja. Ungio lililozikwa ndilo litakalokurudisha kuchimba. Pita njia nzima na kamba ya kupimia, ongeza za kupanda na kushuka kwenye bodi mbili, na ongeza mita chache za kulegeza. Huo mlegezo si ubadhirifu: udongo wa mbuga ukipasuka unavuta, na kebo iliyolazwa imenyooka kama uzi inavutwa mpaka inachomoka kwenye glandi. Ilaze ikipinda kidogo kidogo kama nyoka anayetembea.

Chimba sentimita 75, na pale malori yanapokatisha shuka mpaka mita moja na upitishe kebo kwenye bomba gumu la PVC. Usilaze kebo moja kwa moja kwenye udongo mweusi. Mchanga laini sentimita 10 chini, kebo na waya wake wa athi, mchanga tena sentimita 10, halafu matofali au vibao vya zege, udongo, na utepe wa onyo sentimita 30 kutoka juu. Najua kwenye kinu pumba ni nyingi na za bure, na mtu atapendekeza zitumike kufukia. Zinazuia joto lisitoke kwenye kebo, kwa hiyo zile ampea 196 hutazipata, na zinaita mchwa, ambao kwenu watatafuna ganda la plastiki wakielekea kwenye chakula. Toa pia mizizi na majani mtaroni.

Kebo ya ukubwa huu ina uzito wa zaidi ya kilo 5 kwa mita, mzigo mzima unazidi kilo 800. Gurudumu lililoviringishiwa kebo liinuliwe kwenye ekseli lizunguke, watu wajipange kila mita chache, waibebe. Ikiburutwa juu ya mawe ganda linachanika mahali usipopaona, na maji yanaingia kwenye deraya. Kona zake ziwe pana, nusu kipenyo isipungue mara 8 ya unene wa kebo. Ncha zifungwe kwa plastiki mpaka siku ya kuungwa, kebo isinywe maji. Kabla ya kufukia, piga picha mtaro ukiwa wazi huku kamba ya kupimia ikionekana, na chora ramani yenye umbali kutoka kwenye kuta. Ibandike ndani ya mlango wa bodi kuu. Atakayechimba choo baada ya miaka sita hatakuwa wewe.

Bandani kuwe na swichi kubwa ya kuzima kila kitu, mahali ambapo mtu anaifikia bila kuruka mikanda ya mashine. Breka ya kule bodi kuu iwe na sehemu ya kutia kufuli. Fundi akiwa ndani ya mashine, ufunguo uko mfukoni mwake. Na ukiangalia makadirio, dai namba ya leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya atakayesaini kazi, uione kwa macho. Daraja lake lilingane na mzigo huu.

Malipo ya mwisho yashikilie mpaka uone vipimo vinne, na uviandike kwenye daftari la kinu. Cha kwanza kifanyike kabla ya kuunga chochote: mega, yaani kipima insulesheni, ya volti 1,000 kati ya kila waya na mwenzake, na kati ya kila waya na deraya. Kebo mpya itoe mamia ya megaomu. Ikitoa 2 au 3, kuna jeraha au maji, na mtaro usifukiwe. Baada ya kupima, waya ziguswe na athi kuondoa chaji kabla ya mtu kuzishika. Cha pili, bandani unga fezi moja na waya wa athi, nenda bodi kuu upime omu kati yao kabla deraya na vyuma vingine havijaunganishwa. Ikiwa kebo zina ukubwa ulioandikwa, utaona kama 0.09. Ukiona 0.14, ama lagi haikubanwa kwa mashine yake, ama umeuziwa shaba pungufu. Cha tatu ni fimbo ya bandani peke yake, waya wake ukiwa umefunguliwa kwenye baa umeme ukiwa umezimwa, kwa mita yenye vigingi viwili: cha mbali kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye fimbo, cha kati kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Sogeza cha kati mita tatu mbele na nyuma. Namba ikibaki ileile kipimo ni cha kweli. Kirudie Septemba.

Cha nne kinafanyika umeme ukiwa umewashwa, kwenye bodi ya banda na kwenye mwili wa kila mota: mita ya mzunguko wa hitilafu, kati ya fezi na athi. Kebo ikiwa bado baridi, kwenye bodi tarajia karibu omu 0.13 au chini kidogo kwa sababu deraya inasaidia, na kwenye mota kubwa iongezeke kwa kiasi kidogo tu. Ukivuka 0.15 pale kwenye bodi usianze kukoboa. Zima, tia kufuli, anza na glandi na lagi za ncha ya bandani, kisha za bodi kuu, kwa sababu karibu kila mara tatizo liko kwenye ungio na haliko mtaroni. Na kabla hujafunga mlango wa bodi, angalia tena kile kitufe cha shoti kama bado kiko kwenye 5.